Kikao cha Saa Sita ya Usiku

Nianze kwa kukiri jambo ambalo wanafunzi wangu wa zamani watalicheka. Katika kumbukumbu za kikao kimoja kilichofanyika mwezi Machi 2019, jina langu limeandikwa chini ya kichwa "Wasiokuwepo bila taarifa". Mimi, niliyekuwa mkuu wa chuo cha ualimu, niliyesimama langoni kila siku saa moja kasorobo asubuhi na daftari mkononi nikiandika majina ya waliochelewa, wakufunzi kwa wanachuo, nimeandikwa mtoro. Na usiku huo sikuwa nimelala. Nilikuwa macho, nimeketi mbele ya kompyuta, nimevaa sweta na kofia ya sufu kwa sababu ya baridi ya Lushoto, saa sita kamili ya usiku, nikisubiri kianze kikao ambacho kumbe kilikuwa kimekwisha.

Yafaa nieleze jinsi ilivyotokea. Sitaficha kwamba kujitetea kumo ndani yake, lakini kama ingekuwa kujitetea tu ningewaandikia wahusika barua nikanyamaza. Barua hiyo niliiandika, na majibu yake ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu mara ya pili.

Mwishoni mwa mwaka 2018 shirika moja la ng'ambo, ambalo ofisi zake ziko katika mji wa pwani ya magharibi ya Marekani, lilijitolea kugharimia kitabu cha mwongozo kwa walimu wa darasa la kwanza na la pili: namna ya kumfundisha mtoto kusoma kwa Kiswahili. Kazi nzuri. Sina neno baya juu ya nia yao. Iliundwa kamati ya watu kumi, sita kutoka kwao na wanne kutoka kwetu. Sisi wanne tulikuwa mimi. Afisa elimu kata mstaafu wa Kilindi, mzee mwenzangu. Mwalimu mmoja wa kike wa Handeni, ambaye nilimfundisha chuoni na ambaye kwa maoni yangu ndiye aliyejua kufundisha kusoma kuliko sisi tisa wengine tukijumlishwa pamoja. Na kijana mratibu aliyekuwa Dar es Salaam. Tungekutana kwa njia ya mtandao kila baada ya wiki mbili, siku ya Jumanne, kwa muda wa saa moja.

Saa ya kikao ilipangwa kule kabla hatujajulishana hata majina. Walichagua saa saba mchana, baada ya chakula chao. Mwezi Januari sisi tuko mbele yao kwa saa kumi na moja. Msomaji anaweza kuhesabu mwenyewe: saa saba ya mchana wao ni saa sita ya usiku wetu.

Mwaliko wa kwanza uliandikwa kwa Kiingereza, "12:00 AM", Jumatano tarehe 16 Januari. Mwenzangu wa Kilindi aliusoma kama ambavyo mtu yeyote mwenye akili timamu angeusoma: kumi na mbili ya Kizungu ni saa sita, na watu wazima hukutana mchana. Siku ya Jumatano alivaa koti lake, akapanda pikipiki mpaka kituo cha walimu kulikokuwa na kompyuta, akakaa kuanzia saa sita mchana mpaka saa nane akitazama kioo kitupu. Kikao kilikuwa kimefanyika usiku uliotangulia. Mratibu akatuma masahihisho kwamba tangu sasa vikao ni "Jumanne usiku saa sita". Mzee akamuuliza kwa simu, "Jumanne usiku ipi, mwanangu? Maana kwetu siku huanza jua likizama. Jumanne usiku ni ile inayotangulia mchana wa Jumanne." Kijana wa watu akachanganyikiwa kabisa. Ikabidi mimi niandike kwa mkono wangu karatasi ya ratiba nzima mpaka Juni, kila tarehe na maneno yake: usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano, saa sita kamili. Nikaipiga picha nikawatumia wote watatu na kuwaambia waibandike ukutani. Niliwaambia, na maneno haya nayakumbuka kwa uchungu, "Fuateni karatasi. Karatasi haizimiki."

Lugha yetu ina vyombo vya kutosha vya kupanga saa pasipo utata. "Usiku wa kuamkia" ni chombo bora kuliko hiyo AM na PM, ambayo hata wenyewe huzozana kama saa sita ya mchana ni AM au ni PM. Tunahesabu saa tangu kupambazuka, kama wanavyohesabu Waethiopia, na mtoto wa darasa la pili hana shida nayo. Lakini hilo ni la pembeni.

Katika kikao kile cha kwanza nilinyoosha mkono. Nilisema kwa heshima zote kwamba iwapo wao wangekutana saa mbili asubuhi, sisi ingekuwa saa moja usiku, wakati ambao mtu amerudi nyumbani, hajalala, na bado ana akili ya kufikiri. Mwenyekiti, mama mpole sana, alinijibu kwamba saa hiyo ni ngumu kwao kwa kuwa baadhi yao wanawapeleka watoto shule.

Nilipomtazama mwalimu wa Handeni katika kioo, alikuwa amemweka mtoto wa miezi minne begani. Kila kikao kilikuwa hivyo. "Shikamoo Mwalimu," angeniamkia kwa sauti ya chini ili asimwamshe mtoto, kisha angezima kipaza sauti, na kila alipotaka kusema jambo ilibidi kwanza asikilize kama mtoto analia. Asubuhi yake saa moja na nusu alitakiwa awe mbele ya watoto zaidi ya themanini wa darasa la kwanza. Hakuna aliyeuliza kuhusu mtoto huyo. Na mimi, mkuu wa chuo mstaafu, mwenye mvi, niliyezoea kusimama mbele ya watu na kusema hapana, nilijibu nini? Nilisema, "Hakuna shida."

Maneno hayo mawili nitayarudia baadaye, maana nayo yana deni lake.

Sasa nije kwenye mwezi Machi. Wamarekani wana desturi ya kusogeza saa zao mbele kwa saa moja kila mwaka, Jumapili ya pili ya Machi, na kuzirudisha nyuma Jumapili ya kwanza ya Novemba. Wanafanya hivyo ili jioni za kiangazi ziwe na mwanga mrefu. Wazungu wa Ulaya nao wanafanya, lakini kwa tarehe zao wenyewe: Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Kwetu sisi tunaoishi jirani na mstari wa Ikweta, ambako jua halibadili sana saa yake mwaka mzima, desturi hiyo haina maana yoyote na hatuna. Matokeo yake ni kwamba London iko nyuma yetu kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi, New York kwa saa nane kisha saba, na wale wenzetu wa pwani ya magharibi kwa saa kumi na moja kisha kumi. Sisi tumekaa palepale, lakini wao wamesogea, na anayetakiwa kujua kwamba wamesogea ni sisi.

Jumapili tarehe 10 Machi 2019 saa za Marekani zikasogezwa. Kikao chetu kilikuwa Jumanne tarehe 12. Kwao kilibaki saa saba mchana, hawakuhisi badiliko lolote. Kwetu kilihamia saa tano ya usiku. Hakuna aliyetuandikia neno. Tulipofungua kompyuta zetu saa sita, kama ilivyosema karatasi, kikao kilikuwa kimefungwa dakika chache zilizopita. Tulikaa sisi wanne tukitazamana. Mwalimu wa Handeni akaniuliza, "Mwalimu, au leo hakuna?" Nikamjibu tusubiri. Tulisubiri mpaka saa saba kasorobo.

Na kikao chenyewe kilijadili nini? Kilijadili kama kitabu kichapishwe kwa karatasi au kiwekwe mtandaoni tu. Mwezi Februari sisi wanne tulikuwa tumeeleza kwa kirefu kwamba katika shule nyingi tunazozijua hakuna umeme wala kompyuta, na mwalimu hawezi kushika simu kwa mkono mmoja na chaki kwa mkono mwingine huku kifurushi chake cha intaneti kikimalizika. Tulidhani tumeeleweka. Uamuzi uliwekwa kiporo hadi kikao cha tarehe 12. Kumbukumbu zake zilinifikia siku tatu baadaye, na zinasema, natafsiri: wajumbe wa Tanzania hawakuwepo; hakukuwa na pingamizi; imeamuliwa kitabu kiwe cha mtandaoni. Asiyekuwepo na lake halipo.

Kitabu hicho kiko mtandaoni. Mwalimu wa Handeni alinakili sura mbili kwa mkono katika daftari la kaunta, akawapa walimu wenzake wa kata wapitishiane. Daftari hilo nimeliona. Ndilo toleo pekee la karatasi ninalolijua.

Niliandika barua ya malalamiko. Nilijibiwa kwa upole kwamba wanasikitika, lakini kalenda ya kompyuta ilijirekebisha yenyewe na saa mpya ilionekana wazi kwa kila mwenye mwaliko. Ni kweli. Kijana mratibu alipofungua kalenda yake aliona saa tano imeandikwa pale, kimyakimya, bila kengele wala barua. Naye alikuwa akifuata karatasi ya mzee. Kwa hiyo sehemu ya kosa ni yangu, na naibeba. Lakini nauliza: ni mkuu gani wa shule anayebadili saa ya mtihani, akaandika saa mpya kwenye kona ya ubao usiku, kisha asubuhi akawafukuza watahiniwa kwa kuchelewa? Kalenda ilijirekebisha. Watu hawajirekebishi, watu huambiwa.

Wako wanaoniambia kwamba nalalamikia maumbile. Dunia ni duara, wanasema, na jua haliwezi kuwaka pande zote mbili. Hilo nimelifundisha kwa chungwa na tochi kwa miaka thelathini na sihitaji kukumbushwa. Jua halikupanga kikao. Jua lilifanya tu kwamba katika kikao chochote kati ya Lushoto na pwani ya magharibi ya Marekani mmoja wetu ataminyika kidogo. Nani aminywe, na kiasi gani, na kama aminywe kila mara, hayo yamepangwa na mtu mwenye jina na kiti.

Wengine husema dunia sasa imekuwa kijiji. Kijiji ninakifahamu, nimezaliwa ndani yake. Katika kijiji mwenyekiti hutaka kwanza kujua watu wanarudi lini kutoka shambani, mnada ni siku gani, na kama kuna msiba. Ndipo baraza linaitwa. Kijiji ambacho watu wa upande mmoja wanaitwa usiku wa manane kila mara, ili wa upande wa pili wamalize chakula chao kwa utulivu, sicho kijiji nilichokulia. Hicho ni shamba la bwana mkubwa.

Na ipo kejeli ya zamani inayoitwa saa za Kiafrika, ambayo hata sisi wenyewe tunaisema huku tukicheka. Nimepigana na uzembe wa wakati maisha yangu yote na sitautetea leo. Ila nimegundua kwamba anayechelewa kwenye kikao alichopangiwa na mwingine, kwa saa ya mwingine, katika lugha ya mwingine, ataitwa Mwafrika. Na aliyebadili saa bila kumwambia mwenzake ataitwa mtu anayekwenda na wakati.

Saa haikuwahi kuwa jambo la maumbile peke yake. Mwezi Oktoba 1884 wajumbe wa nchi 25 walikutana Washington kuamua mstari wa sifuri wa longitudo upite wapi. Kutoka Afrika nzima ilikuwepo Liberia peke yake. Ishirini na mbili walikubali upite Greenwich, San Domingo ikakataa, Ufaransa na Brazili hazikupiga kura. Mwezi uliofuata, Novemba, ukafunguliwa ule mkutano mwingine wa Berlin tunaoufundisha kwenye somo la historia. Sisemi kwamba mmoja ulizaa mwingine. Nasema tu kwamba katika majira yale watu walikuwa na tabia ya kukaa mezani na kugawa vitu ambavyo wenyewe hawakuwepo.

Wafaransa, wenye heshima yao, hawakuburutwa. Waliendelea na saa ya Paris mpaka 1911, na walipokubali mwishowe, sheria yao haikuitaja Greenwich hata kidogo: ilisema kwamba saa ya Ufaransa ni saa ya Paris ikicheleweshwa kwa dakika 9 na sekunde 21. Nikisoma hayo hucheka mpaka mke wangu huniuliza nina nini. Na Liberia, nchi ndogo ya Afrika iliyopiga kura ya ndiyo kule Washington, ilikaa na saa yake ya Monrovia, nyuma ya Greenwich kwa dakika 44 na nusu, mpaka mwaka 1972. Sipendekezi tuwe na dakika zetu za ajabu. Napenda tu ijulikane kwamba watu wengine, wakubwa kwa wadogo, walijua kusema "ngoja kwanza" mbele ya saa ya mtu.

Ndiyo maana nasema "hakuna shida" yetu ina deni. Tumeifanya kuwa adabu. Mgeni akikuuliza kama saa sita ya usiku inakufaa, unamwambia hakuna shida, kwa kuwa ndiye mwenye fedha, na kwa kuwa tumelelewa tusimkatishe mgeni tamaa. Naye hasikii adabu, anasikia jibu. Anaandika kwenye daftari lake: saa inawafaa. Wapo hata wenzetu wanaoona fahari kuamshwa usiku, wakaenda kazini asubuhi macho mekundu na kusema kwa sauti ya kusikika, "Jana nilikuwa na kikao na Wamarekani." Mmoja alinieleza kwa furaha kwamba afadhali usiku, kwani vifurushi vya intaneti vya usiku ni rahisi. Nilikosa la kumjibu.

Sheria ya nchi yetu ina macho makali kuliko adabu yetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inasema usiku ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi, na mwajiriwa anayefanya kazi katika muda huo alipwe nyongeza isiyopungua asilimia 5 ya mshahara wake wa msingi kwa kila saa. Inamkinga pia mama aliyejifungua, kwa miezi miwili tangu kujifungua, asifanyishwe kazi usiku. Asilimia tano si kitu kikubwa. Lakini angalau waliotunga sheria walikiri kwamba usiku ni mali ya mtu, na anayeuchukua ana cha kulipa. Kikao cha mtandaoni kimepenya pembeni ya sheria hiyo kwa kuwa hakiitwi kazi. Kinaitwa mazungumzo, kinaitwa ushirikiano. Vijana wanaoajiriwa na kampuni za ng'ambo kufanya kazi usiku kwa mtandao siwasemi: wao wamejua tangu mwanzo kwamba wameajiriwa zamu ya usiku, wamekubaliana bei, na mchana wanalala. Mlinzi wangu naye ni hivyo. Mwalimu wa Handeni hakuajiriwa zamu ya usiku.

Na tusijione watakatifu. Tangu Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, jumuiya yetu ina saa tatu tofauti ndani yake. Arusha ikiwa saa mbili asubuhi, Kigali, Bujumbura na Goma ni saa moja, na Kinshasa ni saa kumi na mbili, jua ndiyo kwanza linatoka. Sitashangaa nikisikia siku moja mtu wa Kinshasa analalamika kwamba watu wa Arusha humwita kikaoni kabla hajanawa uso, na sisi tukamjibu kwamba kalenda ilijirekebisha.

Ninachodai si kikubwa. Kama lazima mtu akeshe, tukeshe kwa zamu: mwezi huu wewe, mwezi ujao mimi. Kwa utaratibu huo nina hakika saa nzuri itapatikana haraka sana, kwa kuwa hakuna kinachomfundisha mtu hesabu za saa kama kukesha mwenyewe. Mwaliko utaje saa ya kila mji uliomo kwenye kikao, kwa maneno, na siku iandikwe namna ambayo haiwezi kusomwa mara mbili. Anayesogeza saa yake ndiye abebe mzigo wa kuwaarifu wengine, wiki mbili kabla, kila Machi na kila Novemba. Bunge la Ulaya lilipiga kura mwezi huohuo wa Machi 2019 kuiacha desturi ya kusogeza saa, lakini serikali zao hazijaafikiana, kwa hiyo tusingoje. Na uamuzi wowote unaopitishwa wakati upande mmoja mzima haupo, usiwe uamuzi. Katika kikao cha kamati ya shule, ambako wajumbe wengine hawajui kusoma, hilo huitwa akidi na kila mtu analijua.

Baada ya kupata yale majibu ya kalenda nilifanya jambo ambalo mke wangu alisema ni la utoto. Kikao kilichofuata mwezi Aprili kilikuwa cha kupitia sura za mwisho, na ilikuwa zamu yetu Watanzania kutoa taarifa. Nikaona kwamba mtoa taarifa anaweza pia kutoa mwaliko. Nikamwomba mratibu anisaidie, nikawaalika wajumbe wote kumi siku ya Jumatano tarehe 10 Aprili, saa nne asubuhi, Afrika Mashariki. Saa nzuri. Chai imeshanywewa, jua limepanda, mtoto wa Handeni yuko kwa bibi yake na mama yake ameshapewa ruhusa na mwalimu mkuu. Mwezi Aprili wenzetu wako nyuma yetu kwa saa kumi. Saa nne yetu ya asubuhi ni saa sita yao ya usiku, usiku wa Jumanne kuamkia Jumatano.

Barua yangu ya malalamiko ilikuwa imechukua siku kumi na moja kujibiwa. Mwaliko huu ulijibiwa siku ileile, ndani ya saa moja. Mwenyekiti aliandika kwa upole wake wa kawaida kwamba ananishukuru kwa kuitisha kikao, ila anaona kuna hitilafu ndogo, pengine nimekosea kuhesabu tofauti ya saa, na bila shaka nilikuwa nimekusudia saa nne usiku.

Nilimjibu kwa mstari mmoja kwamba sikukosea. Chini yake nikamwandikia hesabu yenyewe, hatua kwa hatua, kama nilivyowafundisha walimu wangu kuiandika ubaoni, na jibu nikalipigia mstari mara mbili.